Biolojia ya Chuo Kikuu Katika Darasa la Sekondari

Nchini Marekani, mwanafunzi wa sekondari aweza kusoma biolojia ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu kabla hajamaliza shule. Mpango huo husimamiwa na College Board. Mtihani hufanywa mwezi Mei, na alama zake ni 1 hadi 5. Vyuo vingi humsamehe somo la utangulizi aliyefaulu vizuri, jambo linalowafurahisha wazazi, maana karo ya huko ni mzigo mzito. Kwa anayetaka udaktari, hata hivyo, nafuu hiyo ni ndogo: baadhi ya shule za tiba hazikubali alama hizo zichukue nafasi ya biolojia ya chuoni.

Kwa maoni yetu, thamani ya somo lile imo kwingine. Zamani lilikuwa mlundikano wa majina na hatua za kukariri, na mtihani wake ulikuwa na maswali 100 ya kuchagua. Mtaala ulifumuliwa kuanzia mwaka wa masomo 2012–2013. Mengi yakapunguzwa, yaliyobaki yakapangwa chini ya mawazo makuu 4, na robo ya muda wa kufundishia ikatengewa maabara. Katika zoezi la osmosisi, mwanafunzi hupewa vipande vya kiazi na miyeyusho ya sukari asiyoijua viwango vyake, kisha hutakiwa abuni jaribio mwenyewe. Aliyepima kiazi kikiongezeka uzito majini hahitaji kukaririshwa kwa nini maji matupu hayatiwi mshipani: seli nyekundu za damu zingeyafyonza hadi zipasuke.

Kidato cha tano na cha sita hapa Tanzania hufikia kina kinachokaribiana na hicho. Tofauti ni kwamba Mmarekani huingia shule ya tiba baada ya shahada ya kwanza, ilhali kijana wetu huingia moja kwa moja kutoka sekondari. Yule ana miaka ya kuziba mapengo. Huyu hana, na mgonjwa atamkuta na biolojia ileile aliyotoka nayo shuleni. Kwa hiyo shule inayongoja majuma ya mwisho kabla ya mtihani wa taifa ndipo ifungue maabara inamnyima kitu ambacho chuo hakina nafasi ya kumrudishia.

Kiazi, sukari na mizani havihitaji bajeti ya wizara. Vinahitaji vipindi viwili mfululizo katika ratiba, na hilo mkuu wa shule aweza kuliamua muhula huu.