Asomaye Bila Kumaliza

Msomaji, huku kwetu Theta kuna neno la kejeli ambalo yamkini nawe umelisikia kwenu. Mtu akisoma hata chuo kikuu husifiwa; akipata shahada ya pili hustahiwa; lakini akipata shahada ya uzamivu, kisha akarudi maabara badala ya kuketi ofisini, watu humwita "asomaye bila kumaliza." Nimelisikia neno hili kanisani, sokoni, na hata katika chumba cha walimu, mahali ambapo lilipaswa kuona haya kuingia. Nataka kulipinga, ingawa baadhi ya walisemao ni rafiki zangu.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Mtafiti wa baada ya uzamivu ni mtu aliyekwisha kuthibitisha kwamba aweza kutafuta jambo jipya na kulipata. Hufanya kazi miaka miwili, mitatu au zaidi katika maabara ya mtafiti mkubwa, kwa mkataba mfupi, akishughulika na swali moja. Mmoja huchunguza jinsi mwili ugeuzavyo chakula kuwa nguvu, na jinsi kazi hiyo iharibikavyo katika kisukari. Mwingine huuliza kwa nini chembe hai ya mwili huacha utii ikazaana ovyo mpaka iwe saratani. Mwingine, kwa nini kinga ya mzee hulegea ilhali ya kijana ni kali. Maswali haya ni ndugu. Chembe ya saratani hujilisha kwa njia yake yenyewe, hujificha kinga isiione, na aghalabu hungoja uzee. Basi mtu huyu hafanyi mtihani. Afanya kazi, kama seremala aliye katika karakana ya fundi mkuu.

"Lakini kazi hiyo ni ya Wazungu," huniambia jirani yangu. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Sikiliza habari ya Uganda. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alianza kuona watoto wenye uvimbe mbaya wa mataya. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti Anthony Epstein, aliyeshuku kwamba uvimbe ule waletwa na virusi. Tangu hapo vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vikawa vikipelekwa London kwa ndege. Siku moja ukungu uliizuia ndege, ikatua Manchester. Kipande kikafika kimechelewa, na maji yake yamekuwa na ukungu kama ule wa angani. Mtu wa haraka angalikitupa. Epstein alitazama, akaona chembe hai zikielea. Na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr, ambaye wakati huo alikuwa bado akiitafuta shahada yake, wakatangaza kuviona virusi ndani ya chembe za uvimbe ule. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuwa vyahusiana na saratani ya binadamu.

Siwalaumu hata kidogo. Walifanya kazi njema. Bali nauliza: uvimbe ulikatwa Kampala, watoto ni wetu, malaria iliyousaidia uvimbe ule ni yetu, mbona jibu lilipatikana kule? Kwa akili? La. Kule kulikuwa na darubini ya elektroni, na watu waliolipwa wakae na swali moja mwaka baada ya mwaka. Nadhani nao kwao waliitwa wasomao bila kumaliza.

Sasa tazama Thika, mwendo mfupi wa matatu kutoka Theta. Kuanzia Desemba 2018, wasichana na wanawake vijana 2,275, wa miaka 15 hadi 20, waliandikishwa Thika, Nairobi na Kisumu katika utafiti uitwao KEN SHE. Swali lilikuwa hili: je, dozi moja ya chanjo yatosha kuzuia virusi vya papiloma, ambavyo huleta saratani ya mlango wa kizazi? Wengine walipewa chanjo hiyo, na wengine chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ili makundi yalinganishwe. Miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo alikuwa Nelly Mugo wa KEMRI. Jibu lilichapishwa mwaka 2022: baada ya miezi 18, dozi moja ilikinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili za virusi hivyo zilizo hatari zaidi. Mwaka uo huo Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja itumike, na ushahidi huu ulikuwa miongoni mwa ule lililoutegemea. Fikiri maana yake kwa mzazi asiye na nauli ya kurudi kliniki mara ya pili. Makadirio ya mwaka 2020 yasema kwamba saratani hiyo huua wanawake zaidi ya 3,000 wa Kenya kila mwaka.

Nami nina la kuungama. Mwaka 2019, chanjo hii ilipoanza kutolewa nchini kwa wasichana wa miaka 10, mtu mmoja alisimama katika mkutano wa wazazi akasema yafanya tasa. Nilijua kwamba si kweli. Nilinyamaza kwa kuogopa ugomvi, na baadhi ya wasichana hawakuletwa.

Jirani yangu ana hoja moja ya haki: fedha za utafiti wa Thika zilitoka kwa wafadhili wa Marekani. Ni kweli, na ni aibu yetu. Sheria yetu ya sayansi ya mwaka 2013 yaagiza asilimia mbili ya pato la taifa iwekwe kwa ajili ya utafiti. Agizo hilo halijatimizwa. Lakini taifa litatoaje fedha kwa watu ambao wananchi wake huwacheka?

Juzi baba wa mwanafunzi wangu mmoja alinijia. Binti yake alikuwa ameniuliza darasani kwa nini miili ya wanawake walio wengi huvifukuza virusi hivi yenyewe, na ya wachache ikashindwa. Nilimjibu kwamba sehemu ya jibu yajulikana, na sehemu kubwa bado. Baba alitaka nimshauri binti achukue kozi ya mwaka mmoja apate mshahara upesi, "asije akawa kama wale, mwalimu." Simdharau mzee huyu, ana watoto wanne, na mashamba ya kwetu yanazidi kugeuzwa viwanja vya nyumba. Lakini safari hii sikunyamaza. Nimemwomba twende sote watatu Juja, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, akaione maabara kwa macho yake. Amesema atafikiri. Nauli nitalipa mimi.