Siki, Jiki na Woga wa Kupima

Maneno yanayowazuia wanawake kupima saratani ya shingo ya kizazi hayazaliwi hospitalini. Yanazaliwa saluni, kwenye vikao vya vikoba, kwenye kiti cha nyuma cha daladala, na mengi yana kitu cha kweli ndani yake kilichopindishwa kidogo tu. Ndiyo maana hayafi kwa kubezwa. Mwanamke anayeuliza kama spekulamu, kile chuma cha kufungulia uke, kimeoshwa sawasawa ameuliza jambo ambalo watafiti wamelihangaikia miaka mingi, na baadhi ya majibu bado wanabishania. Ubaya unaanza pale swali zuri linapogeuka kisingizio cha kubaki nyumbani. Tanzania inakadiriwa kupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii kila mwaka, na vifo zaidi ya 6,000. Wengi wanaofikishwa hospitali ya saratani ya Ocean Road hufika ugonjwa umeshatambaa. Tuyachukue basi madai yenyewe, moja baada ya jingine.

"Wanakupaka tindikali."

Kweli, wanakupaka tindikali. Ni asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, nguvu ileile ya siki ya kachumbari. Muuguzi huloweka pamba, huigusisha kwenye shingo ya kizazi, kisha husubiri dakika moja au mbili. Seli zilizoanza kuharibika zina protini nyingi kuliko jirani zake. Siki huigandisha protini hiyo kwa muda, na sehemu ile inageuka nyeupe yenye kingo zinazoonekana kwa macho. Dakika chache baadaye weupe unafifia wenyewe. Kuwashwa kidogo kupo, hasa kwa mwenye mchubuko. Kuungua hakupo.

Ila hapa pana jambo la kuangalia. Asidi hii huuzwa pia ikiwa imekolea kabisa, kwa matumizi ya maabara, na hiyo isipozimuliwa huunguza kwelikweli. Kanuni ni sehemu 5 za asidi kwa sehemu 95 za maji, na kituo makini hubandika ubavuni mwa chupa karatasi yenye nguvu ya dawa na siku iliyochanganywa. Ukiiona karatasi hiyo, pumua. Usipoiona, uliza, muuguzi anayejua kazi yake haoni vibaya kuulizwa.

Kuhusu faida, ushahidi haukutoka kwenye hospitali za kifahari. Mjini Mumbai, India, timu ya hospitali ya Tata Memorial ikiongozwa na Surendra Shastri iliwafuatilia wanawake wapatao 150,000 kwa miaka 12. Waliopimwa kwa siki kila baada ya miaka miwili walipimwa na wahudumu wa kawaida waliofundishwa kwa wiki chache, hawakuwa madaktari. Vifo vya saratani ya shingo ya kizazi katika kundi lao vilipungua kwa asilimia 31.

"Magonjwa unayapata kwenye kile chuma."

Hili ndilo dai lenye uzito kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo. Kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha karibu saratani zote za shingo ya kizazi, ni kigumu kuua kuliko kirusi cha UKIMWI. Cha UKIMWI kimefunikwa utando wa mafuta, na spiriti ikiugusa utando huo habari yake imekwisha. HPV hakina utando; kimejifunga ndani ya ganda la protini. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, akiwemo Craig Meyers wa Pennsylvania, walikijaribu kirusi aina ya HPV 16 kwa dawa 11 za kuulia vijidudu zinazotumika hospitalini. Haipokloraiti, yaani jamii ya jiki, ilikiua. Spiriti ilishindwa, na glutaraldehaidi, ambayo hospitali nyingi ziliiamini kwa miongo, ilishindwa vilevile. Mwaka 2021 kundi jingine la Marekani lilirudia kazi hiyo kwa virusi vilivyotoka kwenye vidonda vya wagonjwa, likaona kwamba baadhi ya dawa zilizolaumiwa hufanya kazi, na likahoji namna majaribio ya awali yalivyopimwa. Mjadala huo haujafungwa.

Lakini angalieni mjadala wenyewe unahusu nini. Unahusu vifaa visivyovumilia joto, kama kile kijiti cha mashine ya ultrasaundi kinachoingizwa ukeni. Spekulamu ya chuma haina shida hiyo. Chuma huingia kwenye otoklevu, kikapigwa mvuke wa nyuzi 121 kwa mgandamizo, dakika 20 kikiwa wazi au 30 kikiwa kimefungwa kitambaa. Hapo hakuna haja ya kuuliza ni dawa gani inayokiua kirusi. Anayesoma habari za utafiti wa 2014 kisha akaogopa spekulamu ameogopa kifaa kisichohusika.

Geneva, Uswisi, watafiti waliwahi kufuta kwa pamba vitu vya vyumba vya uchunguzi wa wanawake, mpaka taa ya kitanda na boksi la glavu, wakakuta vinasaba vya HPV kwenye chini kidogo ya sampuli 1 kati ya 5. Habari ya namna hiyo husambaa haraka. Vinasaba, hata hivyo, huweza kubaki mahali baada ya kirusi kufa, na kuvikuta hakuonyeshi kwamba kuna mtu aliyeambukizwa. Funzo la Geneva ni kwamba mkono wenye glavu iliyotumika usishike taa.

Kazi yenyewe hufanyika chumba cha nyuma, ambako mgonjwa haingii. Wauguzi wa kizazi kizima walifundishwa kwamba spekulamu ikitoka tu kwa mgonjwa itumbukizwe kwenye ndoo ya klorini ya nusu asilimia kwa dakika 10: kipimo kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 kwa vipimo sita vya maji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 umeiondoa ndoo hiyo. Klorini hula chuma, damu na ute huidhoofisha kabla haijafanya kazi, na anayetumbukiza mikono humo ndiye anayeumia. Siku hizi kifaa kioshwe mara moja kwa maji, sabuni na brashi, kikiwa ndani ya maji ili matone yasiruke usoni. Pa kusugua zaidi ni kwenye bawaba na mzunguko wa skrubu, kwa sababu ute uliokauka pale huwakinga vijidudu dhidi ya chochote kitakachofuata. Baada ya hapo ndipo otoklevu. Vituo vingi bado vina ndoo ile, nami sishangai: mazoea ya kazini hayaondoki kwa waraka.

Na kuna kitu mgonjwa anaweza kukiona kwa macho yake. Bunda la vifaa linapoingia kwenye otoklevu hubandikwa utepe wenye mistari hafifu. Mvuke ukifika joto linalotakiwa, mistari hiyo hugeuka myeusi. Mwombe muuguzi alifungue bunda mbele yako. Utepe mweusi hauthibitishi kila kitu, lakini utepe usiobadilika rangi unatosha kukufanya ushuke kitandani.

"Dawa wanazooshea vyombo ndizo zinazoleta saratani."

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, limeziweka baadhi ya kemikali za hospitalini kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Fomaldehaidi imo. Gesi ya ethilini oksaidi, inayotumika kutakasa vifaa vya plastiki, imo. Aliyeanzisha dai hili huenda alisoma hapo. Ila saratani zinazohusishwa na fomaldehaidi ni ya nyuma ya pua na ya damu, kwa watu wanaoivuta kazini mwaka hadi mwaka. Haipokloraiti iko kundi la tatu, la vitu ambavyo ushahidi wake hautoshi kuvihukumu. Spekulamu iliyooshwa, ikasuuzwa na kupigwa mvuke haipeleki kitu cha maana kwenye shingo ya kizazi cha mtu.

Wa kuhofia afya yake ni mwingine: muuguzi. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya wauguzi wanawake 73,262 wa Marekani, waliofuatiliwa tangu 2009 hadi 2015. Waliokuwa wakitumia dawa za kuulia vijidudu kila wiki, miongoni mwake haipokloraiti, glutaraldehaidi na spiriti, walikuwa na hatari ya ugonjwa sugu wa kuziba kwa mapafu iliyo juu kwa asilimia 25 hadi 38. Mgonjwa hukaa chumbani dakika kumi. Muuguzi hukaa humo miaka thelathini, mara nyingi dirisha moja, glavu za kuokoteza, bila barakoa ya maana. Na kwenye toroli lake kuna hatari isiyotajwa saluni hata siku moja: siki ikimwagikia jiki hutoa gesi ya klorini. Chupa hizo mbili hukaa karibu mno kwenye vyumba hivi. Mabaki ya siki yasimwagwe kamwe kwenye ndoo ya klorini.

"Mimi najisafisha kwa dawa, sina haja ya kupima."

Wengine hutumia shabu, wengine limau, wengine sabuni ya kuua vijidudu, na wapo wanaothubutu kutumia zile dawa za maji za kusafishia vidonda. Marekani ilipitia njia hii katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, matangazo yakiwahimiza wake kujiosha ndani kwa dawa ya kusafishia sakafu. Wapo walioungua, na wapo waliokufa.

Kirusi cha HPV kikishaingia hukaa kwenye seli za tabaka la chini kabisa la ngozi laini ya shingo ya kizazi. Maji ya kuosha hayafiki huko. Yanachofikia ni bakteria wema wanaoulinda uke, na ngozi yenyewe. Mfano wa nonoksinoli-9 unatosha. Dawa hii huua mbegu za kiume, na kwenye chupa za maabara iliua pia kirusi cha UKIMWI, watu wakapata matumaini makubwa. Ikajaribiwa kwa wanawake 892 wanaofanya biashara ya ngono Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand. Matokeo ya 2002 yalionyesha kwamba walioitumia waliambukizwa zaidi kuliko waliopewa jeli tupu, kwa sababu dawa ilichubua ngozi ikafungua mlango. Mwaka 2007 watafiti waliijaribu kwa panya dhidi ya HPV wakaona jambo lilelile: maambukizi yaliongezeka.

"Ukikutwa na HPV, una saratani." Hapana. Kwa wanawake walio wengi mwili hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Kikibaki, safari ya kufikia saratani kwa kawaida ni miaka 15 hadi 20. Kwa anayeishi na VVU bila matibabu hufupika sana.

"Chanjo imekuja, kupima kumepitwa na wakati." Tanzania ilianza kuchanja nchi nzima Aprili 2018, wasichana wa miaka 14. Mama zao hawakuchanjwa. Na aina mbili zilizolengwa zaidi na chanjo, 16 na 18, zinabeba takribani asilimia 70 ya saratani hizi, siyo zote.

"Siki ni kipimo cha maskini, wenzetu wanapima HPV."

Hili silikanushi lote. Wilaya ya Osmanabad, India, kwa wanawake wapatao 130,000, kipimo kimoja tu cha HPV kilipunguza vifo kwa karibu nusu, na katika utafiti huohuo siki haikuonyesha nafuu ya kuaminika. Siki inategemea jicho, na jicho huchoka. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanza na kipimo cha HPV, kuanzia miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na VVU. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti, nyuma ya pazia, bila spekulamu, na mashine ya GeneXpert inayopima TB huweza kuisoma.

Lakini majibu yakichelewa wengi hawarudi kuyachukua, wakati siki hujibu ukiwa bado kitandani na tiba mgando, yaani kuigandisha sehemu iliyoharibika, inaweza kufanyika siku hiyohiyo. Tena mwenye majibu ya HPV yasiyo mazuri bado ataitwa, atapanda kitanda kilekile, atatazamwa kwa spekulamu ileile ili ijulikane kama tiba mgando au ya joto itamtosha au apelekwe mbele. Kwa hiyo halmashauri zitakazoagiza vijiti vya sampuli zisisahau kuweka kwenye orodha hiyohiyo brashi za kuoshea, utepe wa otoklevu, glavu nene za chumba cha nyuma na feni ya kutolea hewa.