Bahari Huanzia Mlimani

Kijana wa Mlalo au Soni anapotangaza kwamba anakwenda Unguja kusomea sayansi ya bahari na mazingira, hakosi kuchekwa. Mtu wa milimani, huulizwa, ana haja gani na matumbawe? Swali hilo hutolewa hata na watu waliosoma, wenye ofisi na mihuri. Ni swali la kasumba, na hapana budi lijibiwe.

Milima ya Usambara iko mbali na mawimbi, lakini imefungamana na bahari. Mto Umba huanzia katika misitu ya Usambara Magharibi na kuingia baharini karibu na Vanga, mpakani mwa Kenya. Lwengera huteremka na kuungana na mto Pangani. Zigi hutoka katika misitu ya Amani na kuwapatia maji wakazi wa Tanga kabla ya kufika pwani. Mteremko wa Lushoto ukilimwa ovyo, mvua ya masika haiombi kibali cha idara yoyote: huuchukua udongo na kwenda nao. Tope likizidi baharini huzuia mwanga wa jua na kuyafunika matumbawe. Matumbawe yakifa, samaki hukosa makazi. Hivyo mkulima hupoteza shamba, na mvuvi asiyepata kumwona mkulima huyo hupoteza riziki.

Hata hivyo, wangali wapo maofisa wanaoigawa nchi kana kwamba mto husoma majalada. Bwana Shamba haulizi habari za mikoko. Bwana Samaki hapandi mlima. Kila mmoja hulinda ofisi yake, na udongo unazidi kuteremka.

Historia ya Usambara inatosha kuwafunza. Mjerumani alifungua kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902, na sayansi yake ikatumikia mashamba ya walowezi. Mwaka 1946 Mwingereza alianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi ardhi. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta, na waliokaidi waliadhibiwa. Kuzuia mmomonyoko halikuwa kosa. Kosa lilikuwa ni mtaalamu kuamuru bila kuuliza. Wananchi waliyakataa matuta hayo, na mpango ukavunjika kabla ya Uhuru. Kinyume chake, mradi wa kuhifadhi udongo ulioanza Lushoto mwaka 1981 ulihimiza kupanda mistari ya majani ambayo yalishika udongo na papo hapo yakawa malisho ya ng'ombe wa maziwa. Mkulima anayeiona faida kwa macho yake hahitaji kusukumwa na askari.

Wapo watakaodai kwamba ubingwa humtaka mtu ashike jambo moja tu. Lakini ubingwa si upofu. Mwanafunzi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliianzisha Zanzibar mwaka 1978, hawezi kuielewa bahari kwa kuitazama bahari peke yake. Hana budi kuufuata mto hadi kwenye chemchemi yake, kulipima tope njiani, na kumsikiliza mkulima anayelima juu ya genge. Na atakayoyagundua yasifungiwe kabatini katika Kiingereza cha tasnifu. Mvuvi wa Pangani na mkulima wa Lushoto ndio wenye kodi. Wana haki ya kuelezwa matokeo kwa Kiswahili. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikataa usomi unaomtenga msomi na jamii yake, na agizo hilo halijachakaa.

Basi mwalimu anayemcheka kijana wa Mlalo anamnyima mvuvi mtetezi wake. Amwache aende, tena amsindikize kwa wosia mmoja: akaisome bahari kwa bidii, lakini asisahau njia ya kurudi mlimani, kwani huko ndiko kazi yake itakakoanzia.