Kuuliza si Ujinga
Mtoto mchanga hulazwa usiku akiwa mzima, asubuhi akakutwa amekufa. Si homa, si jeraha. Mama hulaumiwa bure. Huko Adelaide, nchini Australia, tangu mwaka 1973 Daktari Susan Beal alikwenda nyumba kwa nyumba akiwauliza wazazi waliofiwa jinsi mtoto alivyolazwa. Akatambua hatari ya kulala kifudifudi, desturi ambayo mabingwa wenyewe waliishauri. Aliionya nchi miaka ya 1980. Na wazazi wote walipoanza kufundishwa, mwaka 1991, vifo vikapungua kwa zaidi ya nusu.

Ndugu, twasema: mlazeni mtoto chali, haigharimu hata senti. Nao viongozi wajifunze: waende kwa watu, waulize, na wakikosea wakubali kusahihishwa.