Mti Hautendi Peke Yake

Mwaka 2023 Serikali ya Japani iliamua kupunguza mashamba ya miti ya sugi kwa asilimia 20 katika muda wa miaka 10. Chavua ya miti hiyo, yaani ule unga wa maua upeperushwao na upepo, huwatia mamilioni ya raia mafua ya mzio kila mwaka. Hatupingi uamuzi huo. Misugi ilipandwa kwa pupa baada ya Vita Kuu ya Pili ili nchi ipate mbao, kisha aghalabu ikaachwa bila kuvunwa. Lakini twasema mti umeshtakiwa peke yake, ilhali mshirika wake yu huru barabarani.

Ushahidi uko Nikko. Huko misugi imepanga safu kando ya njia kuu tangu karne ya 17. Vizazi kwa vizazi vimepita chini ya vivuli vyake, wala madaktari hawakuuandika ugonjwa huu mpaka mwaka 1964. Mwaka 1987 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa eneo hilo hilo: wakazi wa kando ya barabara zenye misugi na magari mengi waliugua zaidi ya mara mbili kuliko wakazi wa penye msitu wa misugi na magari machache. Je, mti ni ule ule; kilichozidi ni nini kama si moshi?

Moshi huo una kazi mbili. Kwanza, huuchokoza mwili: katika majaribio ya Japani ya mwaka 1986, panya waliopewa masizi ya dizeli pamoja na kileta mzio walitoa kingamwili za mzio nyingi kuliko waliopewa kileta mzio pekee. Pili, hewa chafu huigusa chavua yenyewe. Jua likizipiga gesi za magari hutokea ozoni. Na utafiti wa Munich, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta chavua ya miti ya betula iliyomea penye ozoni nyingi ina protini ya mzio kwa wingi zaidi.

Jiji la Tokyo lilithubutu. Tangu Oktoba 2003 malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kipimo cha masizi yalipigwa marufuku humo. Basi wanaohesabu visiki leo hawana budi kuhesabu na mabomba ya moshi, kwani miaka hiyo 10 ikiisha, asilimia 80 ya mashamba hayo itakuwa ingali imesimama, ikimwaga unga wake juu ya barabara zile zile.