Pikapu za gitaa la stili: acheni kununua kwa kilo-omu

Ni wiki kadhaa sijaandika hapa. Kazi ya seva ilinibana, na muda uliobaki uliliwa na gitaa. Leo basi hakuna PHP. Nataka kuzungumzia pikapu, na kabla hujauliza, si ile ya kubeba nyanya kwenda Marikiti. Nasema kile kifaa cha sumaku na waya kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme na kugeuza mtetemo wao kuwa umeme.

Gitaa lenyewe ni lile la stili lenye pedali. Limekaa kama meza, mpigaji ameketi, mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi kumi, na miguu na magoti yanazivuta zibadilishe noti. Wengi wetu Kenya tumelisikia likilia kwenye nyimbo za Don Williams bila kujua linaitwaje. Wanigeria wamelisikia kwa King Sunny Adé.

Rafiki yangu analipiga kwenye bendi ya kantri hapa Nairobi. Mwezi uliopita alikuja kwangu ameshaamua: anang'oa pikapu yake ya koili moja na kuagiza nyingine Marekani. Sababu? Yake inasoma kilo-omu 17, hiyo nyingine 20, kwa hiyo ati ina sauti nene zaidi. Pesa zenyewe zilikuwa za karo ya mtoto. Nikamwambia, "Bwana, nipe wikendi moja kwanza."

Jamani, kilo-omu si sauti. Kipimo hicho kinaonyesha ukinzani wa waya tu. Ukitumia waya mwembamba zaidi kwa mizunguko ile ile, namba inapanda. Hata hali ya hewa inaibadilisha: ukinzani wa shaba huongezeka karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto. Pikapu iliyosoma 18 Limuru asubuhi kwenye digrii 18 itasoma karibu 18.8 Mombasa mchana kwenye digrii 30. Imenenepa njiani?

Kinachopaka sauti rangi zaidi ni pale koili inapokutana na kebo. Koili ina henri zake, kebo ina pikofaradi zake, na zikiungana zinatengeneza kilele: masafa fulani yanasukumwa juu, na yaliyo juu ya hapo yanaporomoka. Chukua koili ya henri 5 na kebo ya mita 5 yenye pikofaradi 100 kwa mita. Kilele kinakaa karibu hezi 3,180. Weka kebo ya aina hiyo hiyo ya mita 10, kinashuka hadi karibu 2,250. Pikapu ni ile ile! Na mpigaji wa stili ana kebo mbili, moja ya kwenda kwenye pedali ya volyumu na nyingine ya kwenda kwenye amplifaya. Pedali yenyewe nayo inakula kidogo cha kile kilele.

Kwa hiyo tulifanya kama ninavyotafuta mdudu kwenye programu: badilisha kitu kimoja tu, vingine visiguswe. Tuliazima pikapu ya koili mbili iliyoingia kwenye gitaa lake bila kuchonga mbao. Kebo zile zile, amplifaya ile ile, vipande vile vile vya muziki. Nikarekodi kwenye kompyuta, nikayapa mafaili majina ya namba, nikamchezea bila kumwambia ipi ni ipi.

Raundi ya kwanza alichagua ya koili mbili kila mara. "Unaona? Hii ina mwili." Ilikuwa na sauti kubwa zaidi, basi. Desibeli moja inatosha kumdanganya mtu kuwa kitu ni kitamu zaidi. Nilipozisawazisha, alianza kubahatisha, na mara mbili akasifu pikapu yake mwenyewe aliyotaka kuitupa. Sisemi zilikuwa sawa kabisa. Ya koili moja ilikuwa na ung'avu kidogo kwenye nyuzi za juu, na mimi nilibaki nikiipenda hiyo. Lakini tofauti hiyo ilikuwa ndogo kuliko ile tuliyoisikia tulipobadilisha kebo ndefu kwa fupi.

Sasa hapa ndipo nakubali nimekosea kidogo, maana nilikuja nikiamini pikapu za koili mbili ni mapambo. Mpigaji wa stili hurefusha noti kwa mguu: anaanza pedali ikiwa nusu, na kadiri uzi unavyofifia ndivyo anavyoikanyaga. Mvumo wa umeme wa hezi 50 unaingilia kwenye koili, kabla ya pedali. Noti inakufa, mguu unashuka, mvumo unapanda! Mpigaji wa gitaa la kawaida hana shida hiyo kwa kiasi hicho. Koili mbili zimesukwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa, kwa hiyo mvumo unajifuta wenyewe huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa.

Chumbani kwangu mvumo haukusikika sana. Ijumaa nilimfuata kwenye baa anakopiga. Taa za mirija juu, friji la bia nyuma, vyote kwenye soketi moja yenye waya wa ardhi wa kutiliwa shaka. Kwenye kila wimbo wa taratibu, noti ya mwisho ilizama ndani ya mngurumo.

Karo imelipwa. Tumenunua kebo mbili fupi. Jumamosi hii anapiga tena pale pale, na ameniomba ile pikapu ya koili mbili ibaki kwake kidogo, kwa kuwa mwenyewe bado hajaiulizia.