Kabla ya Kuangua Nazi Nyingine

Marehemu mama yangu hakuwa mtu wa kutupa machicha baada ya tui la kwanza. Alikuna nazi, akakamua tui zito akaliweka kando, kisha akamimina maji ya vuguvugu juu ya machicha yale yale, akayakamua kwenye kifumbu mara ya pili na ya tatu. Jirani akitupa yake mapema, mama alimwambia waziwazi: wewe ni mbadhirifu.

Namkumbuka kila tukikaa barazani hapa Maskati, sisi tuliotoka Unguja, vikombe vya kahawa mkononi, na mtu akasema, "Mafuta ya Omani yamekwisha." Ndugu msomaji, si kweli, nami nimechoka kuyasikia maneno hayo. Nimefanya kazi kwenye visima vya jangwani miaka mingi. Kisima kinachoitwa kikongwe mara nyingi kimeacha chini mafuta mengi kuliko yaliyotoka. Duniani, kwa wastani, hutoka kama theluthi moja tu.

Mafuta hayakai ardhini kama maji birikani. Yamo katika vitundu vya mawe, kama tui ndani ya machicha. Yakikosa nguvu ya kupanda yenyewe, husukumwa kwa maji. Lakini maji ni mepesi. Hujipenyeza na kuyapita mafuta, yakayaacha nyuma. Dawa yake ni kuyafanya maji yawe mazito kwa unga wa polima, gramu moja hivi kwa lita, yapate kusukuma kwa pamoja. Pengine hutiwa na sabuni na magadi ili kubandua yaliyong'ang'ania jiwe, kama tuoshavyo sufuria yenye mafuta.

Sasa tazama yaliyopita Marmul, kusini mwa Omani, ambako mnato wa mafuta ni karibu mara 90 ya ule wa maji. Jaribio la polima lilianza mwaka 1986, na kitaalamu likafaulu. Lakini mwaka huo huo bei ya mafuta ilikuwa imeanguka duniani, na jambo likawekwa kando. Kazi kwa kiwango kikubwa, kwa visima 27 vya kusukumia, haikuanza mpaka mwaka 2010. Zaidi ya miaka ishirini! Katika muda huo mafuta ya nchi yalishuka kutoka mapipa zaidi ya 950,000 kwa siku mwaka 2001 hadi karibu 710,000 mwaka 2007. Sisemi polima peke yake ingeyazuia. Hata yalipopanda tena na kupita 1,000,000 mwaka 2016, mvuke na njia nyingine zilishiriki. Nasema elimu tulikuwa nayo, tukaifungia sandukuni kwa kutazama bei ya siku.

Mimi mwenyewe, katika ofisi moja nisiyoitaja, nilipata kukitetea kisima kizee. Mhasibu akaniuliza, "Kitalipa lini?" Nikajibu kwa miaka, yeye alitaka miezi. Faili likafungwa.

Watasema kemikali ni ghali, na maji yanayorudi juu huja na dawa ndani yake. Ni kweli, na kuyamwaga ovyo ni dhulma. Lakini kule Nimr yamepandwa matete jangwani yasafishe maji yanayotoka pamoja na mafuta. Basi mwenye nia hupata njia. Watasema pia mafuta yanaharibu hali ya hewa ya dunia, heri yabaki chini. Asemaye hivyo namheshimu, maadamu anataka yabaki chini kila mahali. Ila yule anayekiita kisima hiki mfu leo, na kesho akaenda kutoboa ardhi ambayo haijaguswa, na njia mpya apasue, na mabomba mapya alaze, huyo hana hoja ya mazingira wala ya hesabu. Jina lake mama alikwisha kulitaja.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama kunauma mgongo, na hakuna sherehe ya kukata utepe kwa kisima cha zamani. Lakini maadamu bado tunakula wali wa nazi, kabla ya kuangua nyingine, tuikamue hii iliyokwisha kuvunjwa.